Chester Carlson, mtu aliyechoka kunakili

Kuna watu mpaka leo wanatunza kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 kama wengine wanavyotunza redio ya babu. Mtu ana Commodore 64, mashine iliyotoka mwaka 1982, ameiunganisha na printa ya pini ya umri uleule, na jioni akitoka kazini anakaa kuandika barua na kuichapa. Printa inakwaruza mstari mmoja mmoja kwa kelele za cherehani iliyokosa mafuta, huku karatasi yenye matundu pembeni ikipanda polepole. Huyo mtu si kwamba hana printa mpya. Anayo. Ila raha anaipata kwenye ile ya zamani.

Nilipomsimulia habari hizi mwenzangu wa chumbani, alijibu kwamba hao watu hawana shida za maisha. Inawezekana. Lakini mimi naona kuna kitu wanakijua ambacho sisi tunaoshinda kwenye foleni za steshenari tumekisahau. Kutoa kopi ya maneno ya mtu mwingine ni jambo moja, na kuyachapa maneno yako mwenyewe, kwa mashine yako, ndani ya nyumba yako, ni jambo lingine kabisa. La kwanza linakupa hendauti. La pili linakupa sauti.

Tofauti hiyo naiona vizuri zaidi katika maisha ya Chester Carlson, Mmarekani aliyevumbua njia ya kutoa kopi tunayoitumia kila siku. Alifariki mwaka 1968, miaka tisa kabla ya Apple II na Commodore PET kuingia sokoni, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani hakuwahi kuiona. Hata hivyo ile hamu ya kuwa na matbaa yake mwenyewe alikuwa nayo tangu utotoni, na uvumbuzi wake ndio uliokuja kukaa ndani ya kila printa ya leza, ya zamani na ya sasa.

Mtoto wa kinyozi

Carlson alizaliwa Seattle tarehe 8 Februari 1906, mtoto pekee wa wazazi wake. Baba yake, Olof, alikuwa kinyozi. Bahati mbaya baba huyo alipata kifua kikuu na ugonjwa wa yabisi uliompinda mgongo, na kazi ya kusimama kutwa nzima nyuma ya kiti cha wateja ikamshinda. Familia ikahamahama kutafuta hali ya hewa nzuri na maisha nafuu. Mwaka 1910 walikwenda Mexico kwa miezi michache wakidhani watapata ardhi na kuanza upya, ila walichopata ni malaria aliyougua mama. Mwishowe wakatua California, eneo la San Bernardino.

Umaskini wao haukuwa wa hadithi. Chester alianza kufanya vibarua akiwa na miaka minane hivi. Alipofika kumi na mitatu alikuwa anafanya kazi saa mbili tatu kabla ya kwenda shule, na akitoka shule anarudi tena kazini. Alipokuwa sekondari, yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba. Mama yake, Ellen, alifariki kwa kifua kikuu Chester akiwa na miaka 17. Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kuwatambua wanafunzi wa namna hii darasani, wale wanaosinzia kipindi cha pili kwa sababu wameamka saa kumi kutafuta riziki. Carlson alikuwa mmoja wao.

Sasa, mtoto huyu asiye na kitu, mchezo alioupenda kuliko yote ulikuwa seti ya mihuri ya mpira ya kuchapia herufi. Akiwa na miaka kumi alitengeneza gazeti lake la mkono, akalipa jina lenye maana ya Hili na Lile, akalizungusha kwa marafiki. Krismasi ya mwaka 1916 shangazi yake alimletea taipureta ya watoto. Alifurahi, ila rohoni alitamani ile ya ofisini, ya ukweli ukweli. Mtoto anayejua tofauti ya taipureta ya kuchezea na ya kazi huyo tayari ana jambo lake.

Akiwa sekondari alipata kibarua kwa mchapishaji wa mjini. Mchapishaji yule alikuwa na mashine ndogo ya kuchapa aliyotaka kuitupa, Chester akaichukua kwa kuifanyia kazi. Akaamua kuanzisha jarida la vijana wapenda kemia kama yeye. Hapo ndipo alipokutana na adha ya uchapaji wa siku zile. Ilibidi upange herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, mstari baada ya mstari, na ukikosea unaanza kupangua. Jarida halikudumu. Lakini swali lilimbakia kichwani: kwa nini iwe shida kiasi hiki kuhamisha maneno kutoka kichwani kwa mtu hadi kwenye karatasi ya msomaji?

Naomba tulishike hilo. Kabla Carlson hajawa mtu wa kutoa kopi, alikuwa mtoto mwenye gazeti.

Barua 82

Alisoma chuo cha Riverside kwa mpango wa kufanya kazi na kusoma, kisha akahamia Caltech na kumaliza shahada ya fizikia mwaka 1930. Mwaka huo ulikuwa mbaya kuliko yote kwa mtu kuhitimu. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka mwaka mmoja nyuma. Carlson alitoka chuoni akiwa na deni la pesa nyingi sana kwa wakati ule, na akaandika barua za kuomba kazi kwa kampuni 82. Hakuna hata moja iliyompa kazi. Sisi tunaohesabu semesta zilizobaki huku tukiwaza deni la bodi ya mikopo, tunaweza kumwelewa bila mkalimani.

Baadaye alipata nafasi katika maabara ya Bell, New York, kisha akajihamishia kitengo cha hataza, yaani kile kinachoshughulikia haki za wavumbuzi. Mwaka 1933 akapunguzwa kazi. Mwaka huohuo baba yake akafariki. Mwaka uliofuata akaingia kampuni ya vifaa vya umeme iitwayo P. R. Mallory, tena kitengo cha hataza, na huko akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo.

Kazi ya hataza ni kazi ya makaratasi. Kila ombi linahitaji nakala kadhaa za maelezo na michoro, na nakala siku zile hazikuwa mchezo. Unaweza kumpa mchapaji aandike upya kwenye taipureta na karatasi za kaboni, halafu ukae kusahihisha makosa yake. Au unapeleka mchoro kwa mpiga picha, unalipa pesa ndefu na kusubiri. Carlson aliona kila siku kwamba ofisi haikuwahi kuwa na nakala za kutosha.

Kama hiyo haitoshi, mwaka 1936 akaanza kusoma sheria jioni. Vitabu vya sheria hakuweza kuvinunua. Akawa anakwenda maktaba ya umma ya New York na kunakili kurasa nzima kwa mkono. Alikuwa ameanza kupata yabisi ileile iliyomwangusha baba yake, na kuinama kwenye meza za maktaba saa nyingi kulimuumiza. Wale ambao mmewahi kunakili notsi za mwenzenu usiku wa kuamkia mtihani mnajua mkono unavyokakamaa. Yeye alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka.

Kupaka umeme kama rangi

Carlson alijua kwamba kampuni kubwa za picha tayari zilikuwa zinatafuta njia ya kunakili kwa kemikali na karatasi maalumu. Kushindana nazo huko kulikuwa kazi bure. Akajifungia maktaba na kusoma upande ambao wengi hawakuuangalia, yaani umeme na mwanga. Huko alikutana na kazi za mwanafizikia wa Hungary aitwaye Pál Selényi, ambaye alikuwa amefanya majaribio ya kutengeneza picha kwa chaji za umeme.

Wazo lenyewe naweza kulieleza kwa jaribio tulilofanya wote shule ya msingi. Unasugua kalamu ya plastiki kwenye nywele, unaisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi, navyo vinaruka na kunata. Huo ni umeme tuli. Sasa chukua bamba lililopakwa kitu ambacho gizani kinashikilia umeme tuli, ila kikipigwa na mwanga kinauachia. Lichaji bamba zima gizani. Halafu limulike kupitia maandishi. Penye mwanga umeme unakimbia, penye kivuli cha herufi unabaki. Nyunyiza unga mkavu, unga unanata pale tu penye umeme, yaani kwenye umbo la herufi. Bandika karatasi, hamisha unga, uyeyushe kwa joto. Umepata nakala, bila wino wa maji na bila chumba cha kusafishia picha.

Kwenye karatasi wazo linaonekana jepesi. Kulifanya ndio ilikuwa kazi. Mwezi Oktoba 1937 aliwasilisha ombi la awali la hataza, kisha akaendelea na majaribio jikoni kwake, Queens. Alikuwa anayeyusha salfa kwenye jiko la nyumbani na kuipaka kwenye bamba la zinki. Harufu ya salfa mnaijua. Jengo zima lilinuka. Mke wake, Elsa, alivumilia mpaka akachoka, akamtaka apeleke maabara yake kwingine. Akapata chumba katika nyumba ya mama mkwe, mtaa wa Astoria, hukohuko Queens, na akamwajiri mwanafizikia mkimbizi kutoka Austria, Otto Kornei, ambaye naye alikuwa anasota bila kazi.

Tarehe 22 Oktoba 1938, Kornei aliandika kwa wino mweusi tarehe ya siku hiyo na jina Astoria kwenye kipande cha kioo. Wakafunga mapazia. Bamba la zinki lenye salfa wakalisugua kwa leso ili lipate chaji, wakaweka kioo juu yake na kuwasha taa kali kwa sekunde chache. Walipoondoa kioo, Kornei akanyunyiza unga laini wa spora za mmea, akapuliza, na maandishi yakabaki yamejichora kwa unga. Wakayahamishia kwenye karatasi ya nta. Hiyo ndiyo fotokopi ya kwanza duniani, maneno mawili matatu tu, kutoka chumba cha kupanga.

Kornei hakuona mustakabali mkubwa pale. Ndani ya muda mfupi aliacha na kwenda kuajiriwa IBM, na mkataba wao ukavunjwa kwa amani. Miaka mingi baadaye, mambo yalipomnyookea, Carlson alimpelekea hisa 100 za kampuni kama zawadi. Hakuwa anamdai wala kudaiwa.

Miaka ya kuambiwa hapana

Kati ya mwaka 1939 na 1944 Carlson alipiga hodi kwenye kampuni zaidi ya ishirini. IBM, Kodak, General Electric na RCA zote zilimkataa. Alionyesha bamba lake, unga wake na leso yake, nao waliona karatasi yenye herufi hafifu na mtu mpole anayeongea taratibu. Hataza yenyewe ilitoka tarehe 6 Oktoba 1942, katikati ya vita, wakati hakuna aliyekuwa na muda naye. Ndoa yake na Elsa ilizidi kulegea na mwaka 1945 ikavunjika.

Aliyemfungulia mlango ni taasisi ya utafiti ya Battelle, mjini Columbus, Ohio, mwaka 1944. Mtafiti wao alikwenda ofisini kwake kwa jambo lingine kabisa, mazungumzo yakahamia kwenye uvumbuzi wake, na Battelle wakakubali kuuendeleza. Huko ndiko walikogundua kwamba madini ya seleni yanafanya kazi vizuri kuliko salfa, na wakatengeneza unga bora zaidi. Kisha kampuni ndogo ya karatasi za picha kutoka Rochester, New York, iitwayo Haloid, ikaingia. Mkuu wake, Joseph Wilson, alikuwa anatafuta bidhaa mpya kwa sababu biashara yake ilikuwa inabanwa na jirani yake mkubwa, Kodak. Teknolojia ikabatizwa jina la Kigiriki lenye maana ya uandishi mkavu, zerografia, na ikatangazwa hadharani tarehe 22 Oktoba 1948, miaka kumi kamili tangu Astoria.

Mashine ya kwanza, mwaka 1949, ilikuwa na hatua nyingi za mkono na wateja wengi waliirudisha. Iliponea kwa sababu ilifaa kutengeneza mabamba ya matbaa. Haloid iliendelea kumwaga pesa humo kwa miaka kumi mingine. Mwaka 1959 ikatoka Xerox 914, iliyopewa namba hiyo kwa sababu iliweza kunakili karatasi ya inchi 9 kwa 14. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300, ilitoa kopi saba kwa dakika kwenye karatasi ya kawaida, na karatasi ilikuwa inaweza kushika moto ndani yake, mpaka kampuni ikaweka kizimamoto. Pamoja na hayo yote, ofisi ziliigombania. Mwaka 1961 Haloid ilibadili jina kabisa na kuwa Xerox.

Carlson akawa tajiri mkubwa akiwa ameshapita miaka hamsini. Alioa tena, mke aitwaye Dorris, na kupitia kwake akavutiwa na falsafa za Kihindi na tafakuri. Pesa alizitoa kwa taasisi za utafiti, vyuo na watu waliokuwa wanatafuta amani duniani, na mara nyingi alisisitiza jina lake lisitajwe. Mkewe alieleza baadaye kwamba haja aliyobaki nayo ilikuwa kufa akiwa maskini. Tarehe 19 Septemba 1968, akiwa New York, aliingia sinema mchana kupoteza muda. Filamu ilipokwisha walidhani amelala. Moyo ulikuwa umesimama. Alikuwa na miaka 62.

Kutoka kopi kurudi kwenye gazeti

Hapa kuna jambo ambalo masimulizi mengi ya maisha yake hulipita haraka. Mashine yake ilipokamilika ilikuwa kubwa, ya gharama na ya ofisi. Kampuni ziliikodi kwa dola 95 kwa mwezi. Mtoto wa kinyozi mwenye gazeti la Hili na Lile asingeweza kuisogelea. Na ilichofanya ni kunakili kilichokwisha andikwa. Kwa hiyo Carlson alitatua tatizo la mwanafunzi wa sheria, lakini la yule mtoto lilibaki palepale.

Lilitatuliwa na zile mashine ambazo watu wanazitunza leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta za bei nafuu ziliingia majumbani, na printa zikafuata. Mwaka 1980 Epson walitoa MX-80, yenye kichwa cha pini tisa zinazogonga utepe wa wino na kuchora herufi kwa vidoti. Waingereza wa Sinclair, mwaka 1981, wakatoa printa ndogo isiyotumia wino kabisa, iliyochoma kwa cheche za umeme karatasi ya rangi ya fedha ili weusi wa chini uonekane. Maandishi yake yalikuwa mabaya, ila ilikuwa ya nyumbani. Mwaka 1984 ikaja programu iitwayo The Print Shop, na watoto wakaanza kuchapa kadi, mabango marefu ya sikukuu na vijigazeti vyao kwenye karatasi ya kukunjana. Bila kupanga herufi za risasi na bila kuomba ruhusa ya mtu.

Uvumbuzi wa Carlson uliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mhandisi wa Xerox, Gary Starkweather, alifikiri kwamba badala ya taa kumulika karatasi iliyoandikwa, miale ya leza inayoongozwa na kompyuta ingeweza kuchora ukurasa moja kwa moja juu ya ngoma yenye chaji. Wakubwa wake hawakulipenda wazo hilo, historia ikajirudia, lakini mwaka 1971 aliifanya ifanye kazi. Mwaka 1984 HP wakatoa LaserJet ya mezani, kurasa nane kwa dakika, na mwaka 1985 Apple wakatoa LaserWriter. Ukifungua printa yoyote ya leza, ya zamani au mpya, utakuta giza, chaji, mwanga, unga na joto. Ni Astoria ileile, safari hii ikichapa kitu ambacho hakijawahi kuwepo kwenye karatasi kabla.

Kwa nini basi mtu ang'ang'anie ya zamani? Nina majibu mawili. La kwanza ni la fundi. Printa ya pini unaielewa kwa macho. Unaona kichwa kinakwenda na kurudi, utepe ukikauka unaupaka wino upya, na haikatai kufanya kazi eti kwa sababu umeweka katriji ya kampuni nyingine. Ndiyo maana hata hapa kwetu bado kuna kaunta zinazochapa risiti za nakala tatu kwa pini, maana leza haiwezi kugonga mpaka karatasi ya tatu.

Jibu la pili ni la mwalimu. Mashine inayokwenda polepole inakulazimisha usome ulichoandika. Carlson alinakili vitabu vya sheria kwa maumivu, lakini alihitimu, sheria ikiwa imeshamwingia kupitia mkono. Sisi tunatoa kopi ya kurasa 60 kwa dakika chache, tunaziweka chini ya godoro, na bumu likiisha ndipo tunagundua hatujasoma hata utangulizi. Simlaumu Carlson. Ila kunakili kulipokuwa rahisi, kusoma hakukuwa rahisi kwa kiwango kilekile.

Nikiwa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, shule niliyopangiwa ilikuwa na kompyuta moja iliyochoka na printa ya pini iliyotumika zamani kwa ripoti za mwisho wa muhula. Ilikuwa imefunikwa kitenge stoo. Mwalimu wa taaluma aliniruhusu kuijaribu. Utepe ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka. Nikachukua insha tano za kidato cha pili na kuzichapa wanafunzi wenyewe wakiwa wamesimama pembeni. Kila mstari ulipotoka waliusoma kwa sauti. Binti mmoja, ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono, alipoona jina lake limechapwa juu ya insha yake aliomba tusimamishe. Alikuwa ameona kosa kwenye sentensi ya pili. Muhula mzima nilikuwa nazungushia makosa yake kwa kalamu nyekundu na hakuna kilichobadilika. Siku hiyo alijisahihisha mwenyewe, kwa sababu maneno yalikuwa yanakwenda kusomwa na watu.

Hicho ndicho kivutio cha mashine hizi, na hakipungui kwa sababu mwaka umebadilika. Mtu anataka kuona wazo lake limekuwa kitu cha kushikika, na anataka kuwepo linapotokea.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa kitivo cha elimu na kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kompyuta na printa za zamani zinapoondolewa maofisini, mara nyingi hulundikwa nyuma ya jengo mpaka mvua izimalize. Tuziombe kabla hazijafika huko. Tuchague zinazowaka, tutafute tepe na tona za kujaza, na wanaokwenda mazoezi ya kufundisha waende nazo kwa ajili ya vilabu vya magazeti ya wanafunzi. Shule nyingi bado zina gazeti la ukutani la kuandikwa kwa mkono, na wengine wetu tulianzia hapo. Printa moja ya pini na rimu moja ya karatasi inatosha gazeti la shule kwa muhula mzima.

Mtoto wa kumi wa darasa la nne leo hana haja ya mashine ya kilo 300. Anahitaji kitu kinachogonga herufi zake, na mtu mzima atakayemwacha akiguse.